Jinsi ya kuandika wasifu wa wakazi wa mtaa uliochanganyika: mwongozo kutoka Tanga

Mitaa ya pembezoni mwa Jiji la Tanga inajaa watu haraka kuliko daftari la mtendaji linavyojazwa. Sensa ya 2012 ilihesabu jijini watu 273,332. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 393,000. Nenda Kange na Pongwe kwa njia ya Segera, nenda Tangasisi upande wa Pangani, nenda Mabokweni njia ya Horohoro, utaona hao walioongezeka wamekwenda wapi. Msingi wa tofali umesimama katikati ya minazi, na jirani yake familia imeshahamia kabla madirisha hayajatiwa. Wametoka Lushoto, Muheza, Handeni, Same, Pemba, Mtwara, Kigoma. Ofisi ya mtaa inawajua wachache, hasa wale waliowahi kuja kuomba barua ya utambulisho.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa hapa hapa. Sensa ya 2012 nilikuwa karani, na sasa ni mjumbe wa serikali ya mtaa katika mojawapo ya mitaa hii mipya. Tumeandika wasifu wa watu wetu: ni wangapi, wa umri gani, wametoka wapi, nyumbani wanasema lugha gani, wanaishi kwa kazi gani. Wajumbe wa mitaa mingine wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje, nami naandika hapa ninavyowaeleza.

Jueni kwanza mnataka kuamua nini

Kabla hamjaandika swali hata moja, kaeni kamati muorodheshe mambo ambayo mtaa utalazimika kuyaamua mwaka huu na ujao. Sisi tulikuwa na manne. Tuombe zahanati kwanza au madarasa ya awali? Eneo la makaburi liwe la ukubwa gani, na ligawanyweje? Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake wanapata nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili, vikundi vya kuiomba vitatoka kona gani za mtaa? Na tangazo la chanjo au la kipindupindu lipite njia gani ili limfikie kila mtu?

Kila swali la dodoso tulilipima kwa mambo hayo manne. Swali la umri liliyagusa yote. Swali la aina ya paa halikugusa hata moja, tukaliacha. Mjumbe mmoja alitaka tuulize kipato cha mwezi. Nilipinga na ningepinga tena, kwa sababu muuza samaki au dereva wa bajaji hapati kwa mwezi, anapata kwa siku, na siku hazifanani. Hata anayekijua kipato chake hawezi kumtajia mtoto wa jirani aliyeshika kalamu. Ulizeni kazi, inatosha.

Ruhusa ni lazima, na ipatikane kwa maandishi. Anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, na barua iseme shughuli ni ya nini, itafanywa na nani na majibu yatakaa wapi. Msiiite sensa. Sensa ni kazi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ina sheria yake na makarani wake. Hii yenu ni orodha ya mtaa kwa mipango ya mtaa. Mkumbuke pia kwamba tangu 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, kwa hiyo mtu aelezwe kwanza taarifa zake zitatumika wapi, na akikataa aachwe kwa heshima.

Zipo takwimu zilizokwisha kukusanywa, msizirudie. Matokeo ya sensa ya 2022 yapo mpaka ngazi ya kata na hayauzwi. Mwalimu mkuu anajua ameandikisha wangapi darasa la kwanza, na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anajua wajawazito wametoka upande gani. Siku moja ya kuzunguka ofisi hizo inapunguza maswali mengi.

Ingieni mpaka uani

Hapa ndipo hesabu nyingi za mtaa zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nyumba yetu ya kawaida ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani kuna jiko, choo na pengine kisima. Anayehesabu nyumba anaandika moja. Lakini mnachotafuta ni kaya, na kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Ukisimama barazani ukamuuliza mwenye nyumba "mko wangapi humu?", atakutajia wanawe na wajukuu. Wapangaji hatawataja, kwa sababu kwake hao ni watu wa kodi na huenda anadhani unatoka kwa watu wa mapato.

Nichukue nyumba moja ya kwetu. Chumba cha mbele analala bibi mwenye nyumba na wajukuu wawili. Mkono wa kulia kijana wa bodaboda kutoka Handeni, hapiki, anakula kwa mama ntilie. Chumba kinachofuata mume na mke kutoka Kasulu na watoto wao, jiko lao la mkaa liko uani chini ya mwembe. Nyuma wasichana wawili wa chuo wanaochangia mtungi mmoja wa gesi. Na chumba cha mwisho kina kufuli: mwenyewe ni mvuvi, amekwenda dago, kambi ya wavuvi. Ni kaya tano chini ya bati moja, na kutoka barazani ungeandika moja tu.

Njia niliyowafundisha vijana wetu wa kuandika ni kuomba kuingia hadi uani na kutazama majiko. Mafiga haya ya nani? Jiko lile? Mtungi ule? Kila jibu ni kaya. Kisha uulize nani humu hali chungu kimoja na yeyote, ndipo unampata yule kijana wa bodaboda, ambaye peke yake ni kaya ya mtu mmoja. Vijana kama yeye ndio wanaopotea zaidi kwenye madaftari, na ndio wanaotakiwa kwenye vikundi vya mikopo.

Mkubaliane mapema mkazi ni nani. Sisi tulichukua miezi 6: aliyekwisha kuishi hapa muda huo, au aliyehamia akikusudia kukaa muda huo. Mvuvi aliye dago anahesabiwa, kwani chumba chake kipo na kodi inalipwa. Mwanafunzi wa bweni tulimwandika kwao na kumwekea alama, kwa kuwa likizo anarudi na akiugua anauguzwa hapa. Mgeni aliyekuja msibani hahesabiwi. Na kwa kuwa hapa pwani wanaume wenye wake wawili si wachache, mkiuliza kila nyumba "baba yupo?" mtamwandika mtu mmoja mara mbili. Aandikwe anapolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, aandikwe kwa mke mkubwa. Mke mwingine aandikwe mkuu wa kaya yake, kwa maana siku mume hayupo ndiye anayeamua mtoto apelekwe hospitali au asubiri.

Kuhusu saa za kupita, baada ya swala ya Alasiri mpaka kabla ya Magharibi watu wengi wako nyumbani. Mchana wa Ijumaa na asubuhi ya Jumapili acheni. Ramadhani acheni mwezi mzima, na masika msianze kabisa. Njia za mitaa mipya mnazijua. Vijana wapite wawili wawili, mmoja awe mwanamke, na mmoja awe anajulikana mtaani. Wasalimie wakubwa kwanza, wakae wakikaribishwa. Dodoso likitoka mfukoni kabla ya salamu kwisha, majibu yatakuwa mafupi na mengine ya uongo.

Umri wa wazee

Vijana wana vyeti na kadi za kliniki, hawasumbui. Wazee wengi watakutajia miaka 60, 65, 70, namba zinazoishia na sifuri au tano, na mkizichukua hivyo wasifu wenu utaonyesha kwamba hapa hakuna mtu aliyefika 63. Andaeni kalenda ya matukio ukurasa mmoja, mzee akumbushwe alikuwa na ukubwa gani wakati ule. Uhuru, Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, ambayo watu wetu wenye asili ya Pemba na Unguja hawayasahau. Azimio la Arusha, 1967. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999.

Ongezeni na ya kwenu. Hapa Tanga hakuna mwanamume wa rika langu asiyekumbuka 1988, mwaka Coastal Union, timu yetu ya soka, walipotwaa ubingwa wa Bara. Ukimuuliza mgosi, yaani mwanamume wa huku, "mwaka ule wa Coastal ulikuwa umeshaoa?", atakueleza umri wake, wa mkewe na wa mtoto wa kwanza bila kuulizwa mara ya pili.

Asili za watu zinavyoulizwa

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Wengi wakisikia "mtaa uliochanganyika" wanachora jedwali la makabila, Wadigo kadhaa, Wasambaa kadhaa, Wachaga kadhaa. Nawasihi msifanye hivyo. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila na dini. Za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza, na nchi imepanga mipango yake bila safu hiyo. Mtaa wenu una sababu gani ya kuirudisha?

Zaidi ya hapo, watu wa Tanga hawaingii kwenye jedwali hilo. Mkonge aliuleta Richard Hindorf mwaka 1893. Reli ilianzia hapa bandarini kwenda Korogwe, Mombo na hatimaye Moshi. Mashamba yalipotanda kutoka Muheza mpaka Korogwe yalihitaji wakataji, wakaletwa manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezi, Uha, Ubena, Ungoni, Umakonde, na wengine kutoka Burundi. Mikataba ilikwisha, wengi hawakurudi. Bandari nayo ilikuwa imeshawaleta Wahadhrami, Wangazija, Wahindi na Wapemba, juu ya Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua waliokuwapo. Baadaye wakaja walimu, askari na watumishi wa kila mkoa, na viwanda vikaongeza. Sasa kuna bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, nalo lina watu wake wanaotafuta vyumba.

Mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na ofisi yetu, baba yake alikuwa Mmakonde aliyekuja kukata mkonge, mama yake Mdigo, mumewe Msambaa wa Mlalo. Watoto wake waandikwe nini? Aliwaambia vijana wetu, "Andikeni watu wa Tanga," na alikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo badala ya kabila tuliuliza safari. Ulizaliwa wilaya gani? Kabla ya kuhamia mtaa huu uliishi wapi? Ulikuja mwaka gani, na ni nini kilichokuleta? Nyumbani mnazungumza lugha gani na watoto, na mzee wenu anaielewa lugha gani vizuri zaidi? Majibu ya hayo yanafanya kazi ambayo jina la kabila haliwezi kuifanya. Mkijua kwamba waliokuja miaka ya karibuni wengi wamehama kutoka Ngamiani na Makorora mjini kwa sababu ya kodi, mmejua kwamba watoto wao bado wanasoma shule za huko na wanavuka barabara kuu kila asubuhi kwa baiskeli. Mkijua kwamba wengine wametoka moja kwa moja mashambani Lushoto, mmejua kuna wanaohitaji kuelekezwa kliniki iko wapi.

Swali la lugha ya mzee lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Kiswahili mtaani kwetu ni cha wote, na watoto wengi hawana kingine. Lakini wamo mabibi walioletwa na watoto wao kutoka milimani, ambao tangazo la kipaza sauti linawapita. Tulipojua wako nyumba zipi, mhudumu wa afya ya jamii anayekijua Kisambaa ndiye aliyepangiwa nyumba hizo. Kwa wazee wa Kiha alitafutwa jirani wa kuaminika.

Dini nayo haina haja ya kuulizwa mlango kwa mlango, hata kwa ajili ya makaburi. Nendeni kwa imamu, kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki, kwa mzee wa kanisa la usharika, kwa Waanglikana ambao wengi wao ni Wabondei waliotokana na misheni ya Magila huko Muheza, na kwa viongozi wa vyama vya kuzikana. Vyama hivi vinajua kuliko ofisi yoyote, kwa sababu vina majina ya wanaochanga na wanaochimba. Wao wenyewe, wakikaa meza moja, walipendekeza kwetu namna ya kuligawa eneo.

Yasiyoulizwa kabisa

Uraia ni kazi ya Uhamiaji. Mpaka wa Horohoro hauko mbali, Wadigo wana ndugu pande zote mbili, na kuna familia zilizokuja enzi za manamba ambazo hazina karatasi ya babu. Siku mtakapouliza uraia, milango itafungwa, na itabaki imefungwa hata kwa mchanja watoto. Hali ya virusi vya ukimwi, chama cha siasa, hati ya kiwanja na madeni pia visiwemo.

Ulemavu uulizwe, lakini kwa matendo: je, kuna asiyeona vizuri hata kwa miwani, asiyesikia vizuri, anayepata shida kutembea, kukumbuka, kujihudumia, au kueleweka anapozungumza? Mkiuliza "kuna mlemavu humu?" mtaambiwa hakuna, na uani amekaa mtu. Nyumba yenye mtu mwenye ualbino isichorwe kwenye ramani yoyote ya mtaa. Hili naomba lisijadiliwe, litekelezwe.

Majina yasiingie kwenye wasifu. Kila kaya ipewe namba, na ule ukurasa wa kuoanisha namba na nyumba ukae kwenye kabati la mtendaji lenye kufuli, mbali na madodoso. Kundi lenye kaya pungufu ya tano lisitajwe peke yake. Liunganishwe na jingine au liandikwe "wengineo". Ukiandika "kaya mbili kutoka mahali fulani, zote za wauza kahawa", umeshawanyooshea kidole.

Hesabu tatu zinatosha

Gawanyeni watu kwa umri: chini ya miaka 5, 5 hadi 14, 15 hadi 64, na 65 kuendelea. Tafuteni wastani wa watu kwa kaya na kisha uwiano wa utegemezi. Nitatoa mfano wa kubuni. Mtaa una watoto wa chini ya miaka 15 wapatao 420, wazee wa 65 na zaidi 60, na wa katikati 600. Jumlisha 420 na 60, gawa kwa 600, zidisha kwa 100, unapata 80. Yaani kila watu 100 wa umri wa kazi wana watu 80 wa kuwalisha. Hesabu ya tatu ni wanaume wangapi kwa kila wanawake 100, na hiyo itafuteni kwa kila kundi la umri. Mkiona wanaume wa miaka 20 hadi 35 ni wachache mno, kabla hamjatafuta sababu rudini kwenye zile nyumba za vyumba sita. Kwa kawaida wamo humo, hawakuhesabiwa.

Linganisheni na kata kwa sensa ya 2022. Tofauti ndogo ni ya kawaida, miaka imepita. Tofauti kubwa inataka maelezo, nayo yaandikwe.

Kuandika na kusoma hadharani

Wasifu usizidi kurasa nne, kwa Kiswahili kinachosomeka mkutanoni. Mtaa ulianzaje, nani walikuwapo, nani walikuja na lini; umri; kaya; kazi; lugha; huduma zilizopo na umbali wake kwa miguu. Takwimu ifuatwe na maana yake papo hapo. "Watoto wa chini ya miaka 5 ni wengi kuliko wa 5 hadi 14" ni sentensi nusu, ongezeni "kwa hiyo miaka michache ijayo darasa la kwanza litajaa, na madarasa ya awali yaombwe sasa."

Kabla ya mkutano mkuu, usomwe kwa wazee wachache wa asili tofauti, na kwa wapangaji pia. Kwetu wazee walisahihisha historia ya kisima na jina la mwenye shamba la zamani, na wapangaji wakasema tumesahau wanaolala kwenye fremu za maduka. Tuliongeza.

Chapeni nakala tatu: moja ofisi ya mtaa, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa mwalimu mkuu, na mtendaji mpya akihamishiwa kwenu asomeshwe siku ya kwanza. Kila Januari wajumbe wapite kuandika mabadiliko manne tu: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Vyumba vya kupanga vipitiwe tena mwezi Julai, maana huko watu hubadilika zaidi.